Uvimbe Nao Hujibu



Nimeletewa swali na msikilizaji wa hapa hapa Golf, mtaa wetu wa Lubumbashi. Anasema hivi: wanawake wawili wana saratani ya aina moja, ya mlango wa kizazi, na ugonjwa umefika hatua moja. Wamepelekwa kupigwa mionzi hospitali moja, mashine moja, kipimo kimoja. Wa kwanza uvimbe wake umeyeyuka. Wa pili haukupita mwaka, ukarudi. "Ile mashine," anauliza, "inachagua watu?"

Haichagui. Mionzi haina macho. Kinachotofautiana ni uvimbe wenyewe, na hasa protini fulani ndani ya seli zake, ambazo kazi yake ni kupokea habari na kuifikisha mbele: tumejeruhiwa, tusimame kwanza, tujitengeneze, tufe, au tuzaane upesi kabla hatujaisha. Madokta huziita protini za kupasha habari. Mimi si dokta, ni mtu wa mikrofoni, lakini nimesoma, nimeuliza wanaojua, na nitawaeleza kadiri nilivyoelewa.

Kabla hatujaingia ndani ya seli, naomba kwanza niseme neno juu ya udongo wetu. Watu husema tiba ya mionzi kama vile ni kitu kilichoshuka Ulaya tu, sisi tukawa watazamaji. Sivyo. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, mtafiti wa madini wa kampuni ya Union Minière, aliona urani Shinkolobwe, karibu na Likasi. Baada ya vita ya kwanza ya dunia madini hayo yakaanza kupelekwa Olen, Ubelgiji, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen kikaanza kutoa radiamu, kitu chenye mionzi kinachopatikana ndani ya madini hayo. Marekani kabla ya hapo gramu moja ya radiamu iliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Ya Shinkolobwe ilipoingia sokoni bei ilishuka hadi dola 70,000 hivi, na wachimbaji wa Colorado wakafunga migodi yao kwa kushindwa. Tangu hapo mpaka Kanada ilipoanza kutoa radiamu yake miaka ya 1930, Ubelgiji ilikaribia kulishika soko la dunia peke yake. Radiamu hiyo ilitiwa ndani ya sindano na mirija midogo, ikawekwa karibu na uvimbe wa mlango wa kizazi, wa ulimi, wa titi. Sisi tunaijua Shinkolobwe kwa ajili ya bomu la Hiroshima la 1945, na ni haki tuikumbuke hivyo. Lakini kabla ya bomu ilitoa tiba, na walioponywa huko ng'ambo hawakujua hata jina la kijiji.

Kobalti nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1951, Kanada, wagonjwa wa kwanza walitibiwa kwa mashine ya kobalti-60, yaani kobalti ya kawaida iliyowekwa ndani ya mtambo wa nyuklia mpaka ikaanza kutoa mionzi. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kama 3, kwa hiyo lazima ibadilishwe. Nchi yetu ya Kongo leo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Hata ule mlima mweusi wa mabaki ya kampuni ya Gécamines, hapa Lubumbashi kwenye bomba refu la moshi, umechokorwa kwa sababu ya kobalti iliyomo. Na bado mtu wa Golf akiambiwa anahitaji mionzi, anaanza kuhesabu nauli: Lusaka, Kinshasa, Dar es Salaam, au India kwa mwenye uwezo. Mnielewe, sitaki kulalamika juu ya hilo usiku kucha. Nimelisema kwa sababu safari hiyo, mtaona, ina uhusiano mkubwa na protini kuliko mnavyodhani.

Sasa tuingie ndani.

Kipimo cha mionzi kinaitwa grei. Grei moja ikipita katika seli inakata uzi wa DNA upande mmoja mara kama 1,000, na inaukata pande zote mbili kwa pamoja mara 20 hadi 40. Mikato ya upande mmoja seli huiziba bila shida, maana upande wa pili umebaki kama kielelezo. Mkato wa pande mbili ndio wenye kuua. Seli ikiuziba vibaya, au ikishindwa kuuziba, siku ya kugawanyika inakwama na kufa. Ndiyo maana uvimbe hauyeyuki siku ile ya mionzi. Seli nyingi zinaendelea kuonekana nzima, zinakufa baadaye zikijaribu kuzaa.

Kwa kawaida mgonjwa hapewi dozi yote siku moja. Anapewa grei 2, au kidogo chini ya hapo, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano mpaka saba. Haya, chukueni kalamu. Sentimita moja ya ujazo ya uvimbe ina seli kama bilioni moja. Tuseme kila siku ya mionzi inaacha nusu ya seli zikiwa hai. Baada ya siku 30 katika ile bilioni imebaki kama seli moja. Vizuri. Sasa tuseme uvimbe wa mama wa pili ni mgumu kidogo tu, kila siku inaacha asilimia 60 badala ya 50. Baada ya siku 30 zimebaki seli zaidi ya 200. Na ukiwa mgumu zaidi, ikawa asilimia 70? Zinabaki zaidi ya 22,000. Hapo sijabadilisha mashine, sijabadilisha kipimo. Nimebadilisha tu uwezo wa seli kujitengeneza usiku mmoja, halafu nikaurudia mara 30. Msikilizaji aliyeuliza, jibu lako limeanzia hapo.

Uwezo huo unatoka wapi? Chukua lupango la hapa Golf, lenye ukuta na geti. Mgeni akigonga haingii moja kwa moja sebuleni. Zamu, mlinzi wa geti, anasikia, anamwambia kijana wa kazi, kijana anapeleka habari kwa wenye nyumba, na wenye nyumba wanaamua. Seli imejengwa hivyo. Getini, kwenye ngozi ya seli, zimesimama protini za kupokea habari. Moja maarufu inaitwa EGFR. Ikiguswa na homoni ya kukuza, inaamsha protini ya ndani iitwayo RAS. RAS inaamsha wengine, na habari inagawanyika njia mbili: njia moja inafika kwenye kiini na amri ya kugawanyika, njia ya pili inapita kwa protini iitwayo AKT, na amri yake ni "usife."

Katika seli nzima, zamu huyo hutulia mgeni akiondoka. Katika saratani nyingi hatulii. Ama EGFR ni nyingi kupita kiasi, ama RAS imeharibika, inapiga kelele mchana na usiku na hakuna aliyegonga. Saratani ya kongosho ndiyo mfano mbaya kuliko yote: kama 9 kati ya 10 zina RAS iliyoharibika, na ni moja ya saratani ambazo mionzi inashindana nazo kwa shida. Seli yenye "usife" masaa 24 ikipigwa mionzi, inaanza kujitengeneza kabla vumbi halijatulia.

Lililonishangaza mimi ni hili. Miaka ya 1990 kikundi cha Schmidt-Ullrich, kule Richmond, Virginia, kilionyesha kwamba mionzi yenyewe inaiamsha EGFR, dakika chache tu baada ya kupiga, bila homoni yoyote. Mwaka 2005 Dittmann na Rodemann wa Tübingen, Ujerumani, wakaona zaidi: EGFR iliyoamshwa na mionzi inaondoka getini, inaingia mpaka ndani ya kiini, na huko inaisaidia protini nyingine, DNA-PK, kuunganisha zile nyuzi zilizokatika. Zamu ameacha geti, ameingia ndani kusaidia kujenga ukuta uliobomoka! Kwa hiyo mionzi inaua, na papo hapo inaamsha kinga ya anayeuawa. Uvimbe haukai kimya ukipigwa. Unajibu.

Ndani ya nyumba kuna mwingine anayelia mara tu uzi ukikatika: protini ya ATM. Hii tuliijua kwa sababu ya watoto wenye ugonjwa wa kurithi ambao wanatembea kwa kuyumba na macho yao yana mishipa myekundu. Baadhi yao walipata saratani, wakapigwa mionzi kipimo cha kawaida, na miili yao ikaungua vibaya sana kuliko ya wengine. Mwaka 1995 timu ya Yosef Shiloh, kule Tel Aviv, ikaipata jeni yenyewe: ATM. Watoto wale hawakuwa nayo inayofanya kazi, hakukuwa na wa kulia uzi ukikatika. Basi wanasayansi wakawaza: kama kukosa ATM kunamfanya mtu aungue, je, tukiinyamazisha ndani ya uvimbe tu? Dawa za namna hiyo zinajaribiwa kwa wagonjwa, lakini bado ziko kwenye majaribio. Ugumu ni huo huo wa siku zote, kuinyamazisha ndani ya uvimbe bila kuinyamazisha kwenye utumbo na kibofu vilivyo jirani.

ATM ikilia, mmoja wa wanaoitikia ni p53, iliyojulikana tangu 1979. p53 ndiye mwenye kuamua: seli isimame itengenezwe, au ijiue. Na hapa tunafika kwenye saratani ya mama zetu. Mwaka 1983 Mjerumani Harald zur Hausen alitambua kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Alipewa Nobel mwaka 2008. Kirusi hicho kina protini yake, E6, ambayo inaikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe. Basi ungedhani uvimbe wa HPV ni mgumu kwa mionzi, kwa sababu mwenye kuamuru kifo ameondolewa. Mambo ya mwili hayaendi kwa kudhani. Katika saratani ya koo utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2010 ulionyesha kwamba wenye uvimbe wa HPV, baada ya miaka mitatu, asilimia 82 walikuwa hai. Wasio na HPV, asilimia 57. Maelezo mojawapo ni kwamba katika uvimbe wa HPV jeni ya p53 yenyewe haijaharibika, imebanwa tu, na mabaki yake bado yanaweza kufanya kazi. Pia seli hizo hazijui vizuri kuziba mikato ya pande mbili. Nawaambia hivi ili mtu asije akawauzia maelezo mepesi ya protini moja. Hakuna protini moja yenye ufunguo.

Na kampuni za dawa zilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2006 dokta Bonner wa Alabama na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 424 wa saratani ya kichwa na shingo. Nusu yao walipata mionzi peke yake, nusu mionzi pamoja na cetuximab, dawa inayoziba EGFR pale getini. Waliopata mionzi tu, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 29. Waliopata zote mbili, miezi 49. Ilikuwa furaha kubwa, na bei kubwa. Mwaka 2014 wengine wakajaribu kuongeza cetuximab juu ya mionzi na cisplatini, ile dawa ya zamani ya platini: faida hakuna. Mwishoni mwa 2018 tafiti mbili zikalinganisha moja kwa moja cetuximab na cisplatini kwa wagonjwa wa koo wenye HPV. Cisplatini ya zamani, ya bei ndogo, ikashinda. Kwa maoni yangu hii ndiyo habari iliyopaswa kusikika Lubumbashi kuliko ile ya 2006. Tulioambiwa "dawa mpya ya protini iko Ulaya, uza nyumba" tulikuwa tunaambiwa sehemu tu ya hadithi. Ukiziba geti moja, habari inapita jingine.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi cisplatini mara moja kwa wiki pamoja na mionzi ni tiba ya kawaida tangu 1999, baada ya tafiti tano kuonyesha kwamba wanawake wengi zaidi wanaishi. Cisplatini nayo inaingilia kule kule kwenye kuziba mikato. Si muujiza, na ina kichefuchefu chake, na inataka figo nzuri na maji mengi. Lakini kwa kawaida inapatikana, na haihitaji kuuza nyumba.

Kuna jaribio jingine ambalo sisi Waafrika lilitupasa kulifuatilia. Mwaka 2005 watafiti wa Philadelphia waligundua kwamba nelfinaviri, dawa ya zamani ya UKIMWI, inashusha ile AKT yenye kusema "usife," na seli za uvimbe zinakuwa laini kwa mionzi. Ikajaribiwa. Kwa saratani ya kongosho, huko Uingereza, haikuleta faida. Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, ikaipeleka kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata kama haitakuwa tiba, fikra yake naipenda: kidonge kilichokwisha kulipiwa, kinachojulikana sumu yake, kupewa kazi ya pili. Na mjue kwamba mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ana hatari kama mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo ya mlango wa kizazi. Basi kwetu haya mawili hayako mbali.

Tupumue kidogo, halafu tuseme juu ya pumzi yenyewe.

Mwaka 1953 Gray, yule ambaye kipimo cha grei kina jina lake, na wenzake walionyesha jinsi oksijeni inavyoamua. Seli yenye oksijeni ya kutosha inauawa na dozi ambayo ni theluthi moja, au zaidi kidogo, ya ile inayohitajika kwa seli iliyokosa hewa. Uvimbe mkubwa katikati yake huwa hauna hewa, maana mishipa yake ya damu imejengwa ovyo. Seli za humo zinawasha protini iitwayo HIF-1, ambayo Gregg Semenza aliieleza miaka ya 1990, na kwa kazi hiyo ya oksijeni akapata Nobel mwaka 2019 pamoja na Ratcliffe na Kaelin. HIF-1 inaziambia seli zijenge mishipa mipya, zile sukari kwa njia nyingine, zivumilie. Kwa hiyo seli iliyokosa hewa ina ngao mbili: mionzi haiikati vizuri, na protini zake zimekaa tayari.

Damu ndiyo inayobeba hewa hiyo, na hapa sasa mnaona kwa nini dokta anaipima kabla ya mionzi na kila wiki. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anatoka damu miezi mingi kabla hajafika hospitali. Anaongeza malaria, anaongeza chakula kidogo, bukari bila kitoweo. Wanawake wanaopigwa mionzi wakiwa na damu ndogo hupona wachache kuliko wenzao. Lakini msikimbilie dukani kutafuta sindano ya kuongeza damu! Mwaka 2003 Ujerumani walijaribu kwa wagonjwa wa kichwa na shingo homoni ya kuongeza damu, eritropoyetini. Damu ilipanda kweli. Uvimbe ukarudi zaidi kwa waliopewa. Wengi wanashuku kwamba baadhi ya seli za saratani zina geti la homoni hiyo hiyo, kwa hiyo ulikuwa unamlisha mgonjwa na adui yake pamoja. Damu iongezwe na wanaojua, kwa njia wanayoijua. Na anayevuta sigara aache angalau wiki zile, maana moshi unachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Mizizi na vidonge vya vitamini vya dozi kubwa, mwambieni dokta mnavyovitumia. Utafiti wa Kanada wa 2005 uliona vitamini E ya dozi kubwa wakati wa mionzi ikielekea kuongeza kurudi kwa saratani ya kichwa na shingo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote ya leo, nalo ni kalenda.

Mfaransa Claudius Regaud, miaka ya 1920 pale Paris, alikuwa akipiga mionzi korodani za kondoo dume ili kuwafanya tasa. Kwa dozi moja kubwa, ngozi ya nje iliungua kabla mnyama hajawa tasa. Kwa dozi ndogo ndogo kwa siku kadhaa, akawa tasa na ngozi ikapona. Hapo ndipo desturi ya kugawa dozi ilipopata nguvu, na mwenzake Coutard akaipeleka kwa wagonjwa wa koo. Kati ya siku na siku tishu nzima inajitengeneza vizuri kuliko uvimbe. Ndiyo maana kuna mapumziko kati ya dozi na dozi.

Lakini mapumziko yakizidi, uvimbe nao unapata nafasi. Mwaka 1988 Rodney Withers na wenzake walikusanya habari za wagonjwa wengi wa kichwa na shingo, wakaona kwamba baada ya wiki kama nne za matibabu seli zilizobaki zinaanza kuzaana kwa kasi mpya. Wakakadiria kwamba kila siku inayoongezeka baada ya hapo inakula kama grei 0.6 ya dozi. Ile EGFR iliyoamshwa na mionzi ni mmoja wa wanaosukuma kasi hiyo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi madokta wanataka mionzi yote, ya nje na ile ya ndani inayowekwa ukeni, iishe ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi inapunguza nafasi ya kupona kwa karibu asilimia moja. Kwa maneno mengine, mama aliyekatiza matibabu wiki tatu katikati amempa adui muda wa kujibu, na kumalizia ile dozi baadaye hakumrudishi pale alipokuwa.

Wasikilizaji, kukatiza huko mara nyingi si uzembe wa mgonjwa. Uganda, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya nchi nzima, ya kobalti, iliyotolewa na China mwaka 1995 na kuwekwa Mulago, iliharibika moja kwa moja. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati hapo baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, wengi walibaki nyumbani. Wale waliokuwa wamefika wiki ya tatu au ya nne, fikirieni wenyewe. Na kwetu: Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa, njia yetu ya kwenda Lusaka, siku chache kwa sababu ya fujo zilizotokana na marufuku ya nchi yetu ya kuingiza bia na soda. Waliopiga kelele sana ni wenye malori, na walikuwa na haki. Lakini mgonjwa aliyekuwa amerudi nyumbani wikendi kuona watoto hakuwa na wa kumsemea.

Mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni pesa. Familia inachanga nauli na pesa ya hospitali. Haichangi pesa ya chumba na chakula cha wiki saba, wala ya ndugu wa kumsindikiza. Wiki ya nne pesa inaisha, mgonjwa anajisikia nafuu, damu imekoma kutoka, uvimbe umepungua, anasema: nirudi kwanza nyumbani, nitamaliza baadaye. Wiki ya nne! Ndiyo ile ile ambayo Withers aliisema. Hakuna anayemdanganya; mwili wenyewe ndio unamdanganya, kwa sababu nafuu inakuja mapema, na seli zilizobaki hazionekani kwa jicho wala kwa kidole cha dokta.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu wa Golf, wale wanawake wawili wangeweza kutofautiana kwa EGFR, kwa p53, kwa hewa ndani ya uvimbe. Hayo hata Ulaya dokta kwa kawaida hayapimi ili kupanga dozi ya mlango wa kizazi. Lakini kabla hujalaumu protini, uliza: yupi alimaliza kwa wakati? Yupi alikuwa na damu? Yupi alipata cisplatini kila wiki, na yupi aliruka kwa sababu haikuwepo dukani? Haya matatu yanagusa protini zile zile, na yako mikononi mwa familia, hospitali na serikali, leo, bila kusubiri dawa mpya.

Mwenye mgonjwa anayejiandaa kwenda, nisikilize. Kwanza piga simu, uulize kama mashine inafanya kazi na mgonjwa wako ataanza lini. Uliza kama mionzi ya ndani ipo hapo hapo au mpaka aende mahali pengine, maana bila hiyo tiba ya mlango wa kizazi haijakamilika. Damu ipimwe na itengenezwe kabla ya safari. Karatasi za mpaka zitoshe kwa wiki zote. Ikitokea amekosa siku moja au mbili, asinyamaze akaona aibu. Awaambie pale pale, kwa sababu wanaweza kumfidia kwa kumpiga Jumamosi, au mara mbili kwa siku moja mradi zipite saa sita katikati. Na pesa ya chumba na chakula ya wiki zote ichangwe yote kabla basi halijaondoka Lubumbashi. Kama haijatosha, changeni kwanza, hata ikibidi kuchelewa kuanza siku chache, kuliko kuanza na kukatiza katikati.